Kitalu Nyuma ya Nyumba: Shauri kwa Mkulima wa Timau

Msafiri apitaye barabara kuu itokayo Nanyuki kwenda Meru, akifika Timau huona mambo mawili kwa mara moja. Kuna mashamba makubwa ya ngano na shayiri, pamoja na nyumba za plastiki zenye maua na mboga za kuuzwa ng'ambo. Tena kuna mashamba madogo madogo ya wenyeji, pengine ekari moja, pengine robo ekari tu, maana baba aligawa na mtoto naye akagawa. Mwenye robo ekari hawezi kulima ngano akapata faida. Lakini kuna zao moja ambalo halihitaji nafasi kubwa, na ambalo kila jirani hulitafuta mvua inapokaribia. Zao hilo ni miche.

Msomaji, ikiwa una kiwanja kidogo nyuma ya nyumba, na maji ya kutosha, na moyo wa kutazama kazi yako kila siku asubuhi, basi makala haya ni yako. Tutaeleza jinsi ya kuendesha kitalu cha kuuza miche. Tutaeleza pia mambo yanayoua vitalu, maana kitalu hakiuawi na wadudu peke yao. Vingine huuawa na kiu, na vingine huuawa na hesabu mbaya.

Nguvu ya kitanda kimoja

Tufanye hesabu kidogo. Kabichi zikipandwa kwa nafasi ya sentimita 60 kila upande, ekari moja huchukua miche 11,000 hivi. Robo ekari huchukua kama 2,800. Sasa tazama kitanda cha kitalu chenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 10. Ukipanda kwa mistari iliyoachana sentimita 15, na miche ikaachana sentimita 2 au 3 katika mstari, kitanda hicho kitatoa miche 2,500 hivi. Yaani mahali padogo kuliko chumba cha kulala paweza kuijaza karibu robo ekari nzima ya jirani yako.

Jirani naye hununua kwa sababu nzuri. Mbegu bora ni ghali, na mtu asiyezoea kitalu hupoteza nusu yake. Yeye hununua ustadi wako na siku zako. Kwa hiyo usiuze uvivu. Uza mche mzuri.

Mfano wa mama mmoja wa Nyeri

Watu wengi wanalijua jina la Profesa Wangari Maathai, aliyezaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri, na aliyepewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004. Wachache wanajua kwamba kazi yake ya miti haikuanza kwa ushindi. Katika miaka ya 1970 alianzisha shughuli iliyoitwa Envirocare, yenye kitalu katika msitu wa Karura, Nairobi. Fedha hazikutosha, na shughuli ile ikafa.

Hakukata tamaa. Tarehe 5 Juni 1977 yeye na wenzake wa Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya walipanda miti 7 katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, na hapo ndipo lilipoanza lile Shirika la Mkanda wa Kijani. Wanawake wa vijijini walianza vitalu vyao kwa makopo mabovu na vyungu vilivyovunjika, wala hawakuwa na shahada ya misitu. Kila mwanamke alilipwa fedha kidogo kwa kila mche wake uliopandwa ukaishi.

Shika neno hilo la mwisho: uliopandwa ukaishi. Malipo hayakuwa kwa mbegu iliyomwagwa, wala kwa mche uliopendeza machoni. Nawe jihesabie hivyo hivyo. Mche wako haujawa mche mpaka umeshika katika shamba la mnunuzi.

Kwanza maji, halafu mbegu

Watu wengi huanza kwa kununua mbegu. Hilo ni kosa. Anza kwa kupima maji.

Kitanda kimoja cha mita 10 mraba huhitaji kama lita 50 kila siku wakati wa kiangazi. Tangi la lita 5,000 basi litatunza kitanda kimoja kwa siku 100, au vitanda viwili kwa siku 50, ikiwa hakuna mtu mwingine anayechota humo. Ukiwa na ng'ombe na watoto, punguza hesabu hiyo mara moja.

Maji ya mvua hayauzwi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 mraba ya paa ni lita 1. Nyumba yenye paa la mita 6 kwa mita 10, mvua ya milimita 10 ikinyesha, itakupa lita 600, au tuseme 500 baada ya kutoa yale yaliyomwagika. Tia mifereji ya mabati, na usingoje mwaka ujao.

Kuhusu mto, sikiliza kwa makini. Mito ya upande huu wa Mlima Kenya, kama Timau, Sirimon na Ontulili, hupeleka maji yake katika Ewaso Ng'iro, na huko chini wako wafugaji na mifugo yao ambao hawana mto mwingine. Mwenye kitalu anayefungua bomba lake usiku wakati wa kiangazi anamnyang'anya mtu asiyemwona. Kwa Sheria ya Maji ya mwaka 2016, kuchukua maji mtoni kwa ajili ya kumwagilia kwahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Ingia katika chama cha watumiaji maji cha mto wenu, ufuate zamu. Ukiona kwamba zamu yako haitoshi vitanda vinne, tengeneza viwili.

Udongo na kitanda

Chagua mahali penye jua la asubuhi, pasipotuama maji, na pawe karibu na nyumba ili kuku na mbuzi waonekane mapema. Zungushia ua.

Kwa vifuko vya miche, changanya udongo mzuri wa juu sehemu 3, samadi iliyooza sawasawa sehemu 2, na mchanga sehemu 1. Samadi mbichi huunguza mizizi na kuleta magonjwa. Ikiwa bado inanuka au ina joto, haijawa tayari. Usiende kuchimba udongo msituni bila ruhusa.

Timau ni nchi ya viazi, na jambo hili lina hatari yake. Mnyauko wa bakteria unaoua viazi ndio ule ule unaoua nyanya na pilipili, nao hukaa katika udongo. Basi usichukue udongo wa shamba la viazi kuotesha nyanya. Ukitaka kujua kama mmea ulionyauka una ugonjwa huu, kata kipande cha shina lake karibu na ardhi, ukitie katika bilauri ya maji safi bila kukitikisa. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka katika shina, ndio wenyewe. Ng'oa mmea huo, uchome, na mahali hapo usipande jamii ya nyanya wala viazi.

Udongo unaoutilia shaka waweza kuupika. Chukua pipa lililokatwa, tia maji kidogo chini, weka wavu au vijiti juu ya maji, kisha udongo juu yake katika magunia. Funika, uache mvuke upite nusu saa. Uache upoe kabisa kabla ya kuutumia.

Mbegu

Nunua mbegu katika duka linalojulikana, na pakiti iwe imefungwa. Tazama tarehe. Mbegu zilizothibitishwa na Shirika la Ukaguzi wa Afya ya Mimea la Kenya, yaani KEPHIS, huwa na lebo yenye namba ya siri ambayo waweza kuikwaruza na kuituma kwa simu ili kuhakikisha kwamba mbegu si za uongo. Weka pakiti tupu na risiti mpaka miche yote iuzwe. Mnunuzi akileta malalamiko, hayo ndiyo mashahidi wako.

Mbegu za miti zapatikana kwa Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, yaani KEFRI, yenye makao makuu Muguga. Miti yote haifanani. Mbegu za muiri zafaa zipandwe zikiwa mbichi, kwa maana zikikauka sana hazioti. Za mukima nazo hazikai muda mrefu katika joto la kawaida. Usinunue mbegu za miaka miwili kwa sababu zimepunguzwa bei.

Kuhesabu siku kutoka mvua kurudi nyuma

Mche mzuri uliochelewa ni hasara, na mche uliowahi mno pia ni hasara. Hesabu siku kutoka mvua kurudi nyuma. Sukuma wiki hukaa kitaluni wiki 4 au 5. Kabichi wiki 4 hadi 6, na katika baridi ya juu Timau tumia hesabu ya 6. Vitunguu hukaa wiki 6 hadi 8. Miti huchukua miezi, wala haiwezekani kuiharakisha.

Basi ukitazamia mvua ndefu mwishoni mwa Machi, vitunguu vipandwe kitaluni mwishoni mwa Januari, kabichi katikati ya Februari, na miti iwe ilianza mwaka uliotangulia, Julai au Agosti. Lakini mvua haisomi kalenda. Kwa hiyo usipande mbegu zote siku moja. Zigawe mafungu matatu, wiki moja baina ya fungu na fungu. Mvua ikichelewa, fungu la kwanza litazeeka, bali la tatu litakuokoa.

Baridi, jua na kinyausi

Timau iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Katika miezi ya kiangazi, usiku wenye nyota nyingi na usio na upepo ndio wa kuogopwa, maana jalidi yaweza kushuka ikaunguza miche kama moto. Jioni funika vitanda kwa nyasi au wavu juu ya vijiti, asubuhi funua.

Adui mwingine ni kinyausi. Miche huota vizuri, watu wakafurahi, kisha shina huwa jembamba kama uzi hapo linapogusa udongo, na miche huanguka. Ugonjwa huu hupenda miche iliyosongamana, maji mengi, na hewa isiyopita. Panda kwa mistari, punguza miche iliyobanana, na mwagilia asubuhi ili majani yakauke kabla ya usiku. Mahali palipooteshwa kabichi msimu huu, usioteshe kabichi wala sukuma wiki msimu ujao.

Siku 7 hadi 10 kabla ya kuuza, ondoa kivuli kidogo kidogo na upunguze maji, ili miche izoee taabu ya shambani. Mche uliolelewa kivulini mpaka siku ya kuuzwa hupendeza sokoni na hufa kwa mnunuzi. Mche wa kabichi ulio tayari una majani 4 hadi 6, na shina nene kama penseli. Miche ya miti iliyo katika vifuko iinuliwe mara kwa mara na mizizi iliyotoka chini ikatwe, isije ikashika ardhi.

Mche wa uongo

Hapa tunasema wazi. Mtu akikuuzia nyanya mbovu, hasara yako ni ya siku moja. Akikuuzia mche mbaya wa kabichi, umepoteza msimu. Akikuuzia mche wa avokado akikuambia kwamba umeunganishwa, kumbe umeota kwa kokwa tu, utamwagilia na kutia samadi miaka mitatu ukingojea matunda, na matunda hayaji. Ada ya shule uliyoitumaini kwa mti ule haipo. Na yule aliyekuuzia ameshasahau sura yako.

Ndiyo sababu vitalu vya kuuza miche hukaguliwa na kusajiliwa. Mwulize Bwana Shamba au Bibi Shamba wa kaunti utaratibu wake kabla hujaanza. Andika jina la aina ya mche na tarehe ya kupanda kwenye kibao kwa kila kitanda. Ukiona ugonjwa, ng'oa na kuchoma kitanda kizima, hata kama mnunuzi amesimama mlangoni na fedha mkononi. Mche mgonjwa ukiuzwa hubeba udongo wake, na udongo hubeba ugonjwa mpaka shamba la jirani, na ugonjwa wa udongo hauondoki kwa kuomba radhi.

Tena uza kile kinachofaa mahali pa mnunuzi. Mtu wa Isiolo, kwenye joto, atapenda mwarobaini. Mtu wa juu Timau asiuziwe mti huo, kwa kuwa baridi itauua. Usioteshe kitu kwa sababu tu kimesifiwa katika nchi ya joto.

Mali bila daftari

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tufanye mfano. Tuseme umetumia shilingi 900 kwa mbegu, 500 kwa samadi, 400 kwa nyasi na dawa, na 600 kwa maji. Jumla ni shilingi 2,400. Umepanda mbegu 2,500. Mtu wa haraka husema, "Kila mche umenigharimu chini ya shilingi moja, nikiuza kwa shilingi 2 nimetajirika."

Haya, tuhesabu tena. Katika mbegu 2,500, miche iliyofaa ilikuwa 2,000, na iliyouzwa ni 1,800, iliyobaki ilizeeka. Umepata shilingi 3,600. Toa 2,400, imebaki 1,200. Lakini ulifanya kazi jumla ya siku 6 nzima. Umejilipa shilingi 200 kwa siku. Kama kibarua cha siku kwenu ni shilingi 500, basi ulijiibia mwenyewe shilingi 300 kila siku. Kazi yako ina thamani ya shilingi 3,000, na gharama ya kweli ni shilingi 5,400. Gawa kwa miche 1,800 iliyouzwa: kila mmoja ni shilingi 3. Hapo ndipo faida inapoanza, wala si chini yake.

Bei hizi ni za mfano, tia zako. Lakini njia ya kuhesabu ni hiyo hiyo: gawa kwa miche iliyouzwa, usigawe kwa mbegu iliyopandwa, na jiandikie ujira. Kama mke au mtoto ndiye amwagiliaye, siku zake ziandikwe, na ujira wake ujulikane. Vitalu vingi vimeleta ugomvi nyumbani kwa sababu mmoja hufanya kazi na mwingine hushika fedha.

Wanunuzi

Serikali ilitangaza mwezi wa Desemba 2022 mpango wa kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 ilikuwa sikukuu ya watu wote kupanda miti. Matangazo kama haya huleta wanunuzi, shule, makanisa na vyama. Lakini usioteshe miche 10,000 kwa sababu ya hotuba. Otesha kwa mtu aliyekuahidi, na amthibitishe ahadi kwa arbuni. Siku hizi arbuni hutumwa kwa simu. Mtu asiyeweza kutuma hata robo ya bei hana haja ya kweli na miche yako.

Wauzie majirani kwanza. Mtu wa karibu hurudi, na hurudi na jirani yake. Siku ya kuuza, mwagilia kitanda kabla ya kung'oa, funga mizizi kwa gazeti au gunia lililoloweshwa, na panga miche katika kikapu au katoni. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, basi mwambie mnunuzi aje na kikapu chake. Mweleze apande jioni, wala asipande saa sita mchana. Baada ya wiki mbili mpigie simu umwulize ni mingapi imeshika. Andika jibu katika daftari, hata kama halikufurahishi.

Mwenye kuanza

Anza na vitanda viwili: kimoja cha mboga kikupe fedha ya haraka, na cha pili cha vifuko vya miti kikupe akiba ya mwaka ujao. Maliza msimu mmoja, usome daftari lako, ndipo uongeze. Kama maji hayakutosha vitanda viwili, hayatatosha vitano. Kama miche 200 ilibaki bila kununuliwa, tafuta kwanza wanunuzi wa miche 200.

Na ukipatwa na ugonjwa usioujua, usinunue dawa kwa kubahatisha. Chukua mche mmoja mgonjwa pamoja na udongo wake, uufunge vizuri katika gazeti, uupeleke katika ofisi ya kilimo iliyo karibu nawe. Na mpaka utakapopata jibu, usiuze mche hata mmoja wa kitanda hicho.